Amwite au Amwache

Naanza na jambo ambalo nimelikana kwa miaka mitatu, mbele ya nesi, mbele ya karani wa kaunti, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza. Niliitazama sehemu ya mwisho ya tamthilia yetu kabla ya wenzangu. Niliitazama Kakuma, Jumanne mchana, katika ukumbi wa video wenye kuta za mabati, nikiwa nimejifunika kichwa kwa leso kama mke wa mtu anayeingia baa. Tulikuwa tumeapa kwamba hakuna atakayetangulia. Kama kosa langu lingekuwa kuvunja kiapo tu, ningenunua kreti ya soda na mambo yangeisha. Lakini siku iliyofuata mzee mmoja alinijia na swali, nikamjibu kana kwamba sijui ninachokijua, na kwa jibu hilo akamwita binti yake aingie barabarani.

Mzee huyo Lodwar nzima inamwita Chifu. Serikali ilimstaafisha zamani, lakini cheo hakikustaafu. Ni jirani yangu. Kati ya ua wake na wangu kuna uzio wa miiba ambao mbuzi wake hawautambui. Yu hai, namshukuru Mungu, na akisikia nimeandika haya ataagiza asomewe kisha adai kwamba nimemfanya mfupi.

Tamthilia yenyewe ni ya aina ile yenye falme, theluji, panga na nyoka wenye mabawa. Mtu mzima mwenye akili hapaswi kuifuata, na mimi niliifuata kama kuku anavyofuata mchele. Nina shahada ya uzamivu katika fasihi. Nimeandika makala kuhusu uchovu wa hadithi za mashujaa. Na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikuwa nikiziba madirisha ya sebule yangu kwa mablanketi, nikiwasha projekta niliyoazima chuoni, na kubishana na watu watatu wazima kama malkia wa theluji alikuwa na haki ya kuchoma ghala la nafaka. Wenzangu walikuwa nesi, karani, na kijana wa boda boda tuliyemkaribisha kwa sababu ndiye aliyekuwa akituletea flashi kutoka duka la filamu.

Chifu hakualikwa. Siku ya kwanza alikuja na rungu. Kwetu kulikuwa na vita ukutani, sauti nimeipandisha hadi mwisho, naye akiwa uani kwake alisikia farasi na vilio vya wanawake. Alifungua mlango kwa teke, pekupeku, rungu juu. Sisi tukapiga kelele kuliko wale wa ukutani. Alisimama akaangalia, pumzi zikimtoka, jeshi zima likipita juu ya kalenda yangu. Hatimaye akashusha rungu.

"Hii farasi inakunywa wapi?" akauliza.

Akaenda akaleta ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, akakaa karibu na mlango, na hapo ndipo alipokaa kwa misimu minne. Sofa hakuigusa. Alisema kitu laini namna ile kinamfanya mtu achelewe kuinuka.

Swali lake la maji likawa ndilo kipimo chetu. Waandishi wa tamthilia hiyo, ambao nasikia hulipwa vizuri sana, hawakuwahi kulijibu. Jeshi likivuka jangwa, Chifu alikuwa akitikisa kichwa. "Siku tatu, hakuna kisima, hakuna ngamia. Hao wamekufa. Tunaangalia maiti." Mfalme akigawa mashamba, aliuliza mbona hakuna aliyetaja mifugo. Mtu akiahidiwa kiti cha enzi, alimwonea huruma. Nesi, ambaye naye alikuwa akitushangaza kwa kutangaza majeraha gani yangekuwa yameshaoza, ndiye pekee aliyemheshimu kama mtaalamu mwenzake. Karani alikuwa akisema, "Chifu, hii ni hadithi tu." Na Chifu alikuwa akimjibu, "Hata hadithi inasikia kiu."

Alikuwa mwoga. Nalisema hilo kwa heshima, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kwanza, na kwa sauti. Aliogopa feni ya dari na aliweka kigoda chake mahali isipoweza kumwangukia. Aliogopa boda boda. Alitembea kwa miguu hadi sokoni na kurudi kwenye jua ambalo hata mbwa hulikimbia. Aliogopa mito mikavu, kwa sababu, alisema, mto mkavu ni mto unaokungoja uingie. Mishale ikianza kurushwa ukutani alikuwa akigeuza uso na kutuambia tumhesabie waliokufa.

Nilimtania siku moja kwa methali yetu ya kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hakucheka.

"Nani alikuambia kwa mwoga kuna kicheko?" akasema. "Kwa mwoga kuna kuhesabu watu, kila jioni. Wakitimia unalala. Kesho unaanza tena."

Lakini ni huyo huyo ambaye, watu wa Lokori hunisimulia, wakati wa uchifu wake alitembea peke yake siku nzima hadi kwa maadui waliokuwa wamechukua mbuzi na watoto wawili wachungaji, akiwa na filimbi ya serikali shingoni na bila bunduki, akarudi na watoto. Mbuzi hawakurudi. Nilipomuuliza, alisema, "Nilienda kwa sababu niliogopa kukaa." Nimeitumia sentensi hiyo darasani mara nyingi bila kumtaja, kama sisi wasomi tunavyofanya.

Kulikuwa na jambo la viatu. Waturkana wana watu wanaosoma mambo yajayo kwa kurusha ndara: zinaangukaje, zinaelekea wapi, ipi imempanda mwenzake. Chifu ni mzee wa kanisa, na ukimwuliza kuhusu ndara atakwambia hayo ni ya kizamani. Hata hivyo, sisi tulikuwa tukivua viatu mlangoni kwangu, ovyo, kama watu wanaowahi filamu, na yeye aliyekuwa ameketi pale pale mlangoni hakuwa na njia ya kutoviona. Mara nyingi nilimwona akivisogeza kwa ncha ya fimbo, vielekee ndani. Jumamosi moja ndara ya nesi iliangukia mgongo na ya karani ikaikalia, zote zikielekea upande wa Lokori. Chifu akasimama, akasema leo tusitazame. Tukacheka. Yeye akachukua kigoda chake akaondoka, nasi tukajikuta tumekaa gizani mbele ya ukuta mtupu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kubonyeza. Hatukubonyeza. Watu watatu wenye vyeti na mwenye pikipiki.

Upande wa Lokori ndiko alikokuwa binti yake.

Huyu binti namjua, nami ninapaswa kusema ninavyomjua. Nilimfundisha chuoni. Alikuwa akiketi mbele, anauliza maswali mafupi, na alipopewa kazi ya ualimu katika shule ya msingi mbele ya Lokori alikuja ofisini kwangu kuniuliza kama aikubali. Wengi walikuwa wakikataa kwenda huko kwa sababu ya mashambulizi ya wezi wa mifugo. Nilimwambia, kwa sauti yangu nzuri ya jukwaani, kwamba watoto wa kule nao wana haki ya mwalimu. Nikamwandikia barua ya sifa. Kisha nikarudi nyumbani nikapika chapati. Baba yake hakuwahi kunilaumu. Kila jioni alikuwa akienda kusimama kando ya tangi langu la maji, mahali penye mtandao mzuri, akampigia. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, yakianza kwa salamu ya Kiturkana ya kujuliana hali. Ejok? Ejok. Umekula? Nimekula. Watoto? Wapo. Kisha alikuwa akisimama pale kidogo na simu iliyokatika sikioni.

Sasa nifike kwenye msimu wa nne. Katika msimu huo kulikuwa na mlinzi wa lango la mlimani, mzee mwenye ndevu za barafu, ambaye binti yake alitumwa katika ngome ya chini kuwasha moto wa ishara. Adui wanakaribia. Mzee ana baragumu. Akilipuliza, binti ataacha moto na kupanda njia ya mlima kurudi nyumbani. Asipolipuliza, atabaki ngomeni na adui watamkuta huko. Sehemu ya kabla ya mwisho iliishia mdomo wa mzee ukiwa juu ya baragumu. Skrini ikawa nyeusi.

Ugomvi wa siku hiyo sijauona tena hata kwenye mkutano wa idara.

"Amwite!" kijana wa boda akasema, kasimama. "Baba ni baba. Wacha hiyo moto izimike, kwani ni ya mamake?"

"Amwache," nesi akasema. "Yule msichana yuko kazini. Mimi babangu angenipigia simu wodini kila akisikia kuna kipindupindu, ningekuwa nimeacha kazi kitambo."

"Wewe hujawahi kuzaa."

"Na wewe umewahi?"

Karani akasema inategemea. Tukamzomea. Mimi nikatoa mhadhara kuhusu dhamira, nikazomewa zaidi. Ni baada ya muda ndipo tulipotambua kwamba Chifu hajasema chochote. Hakuuliza maji. Alikuwa ameinamia fimbo yake, akiangalia ukuta uliokuwa umeshazimwa. Asubuhi ya siku hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba gari limemiminiwa risasi kwenye barabara ya Lokori, na ng'ombe wamechukuliwa karibu na kituo kimoja. Kila mmoja wetu alikuwa ameisikia, na kila mmoja alikuwa amekuja kubishana kuhusu mlima wa barafu.

"Wiki ijayo tutajua," Chifu akasema. Ndipo akatuapisha. Alichukua maji ya kunywa, akayajaza mdomoni, akatunyunyizia usoni mmoja mmoja kama wazee wanavyobariki, asitangulie mtu. Mimi niliruka kuifunika laptopu. Yeye akaibariki pia.

Jumanne nilikuwa Kakuma kusimamia mitihani ya jioni. Mchana sikuwa na kazi. Kwenye ukumbi wa video kulikuwa na bango limeandikwa kwa chaki kwamba mwisho wa msimu ni leo. Niliwaza nipite tu kusikia kama watu wanaubishania kama sisi. Huo ndio uongo niliojiambia mlangoni.

Mzee alipuliza baragumu. Binti akaacha moto, akapanda njia. Adui wakamkuta kwenye njia, mahali pembamba, hakuna pa kukimbilia. Ngome ya chini haikuguswa kamwe. Adui walipita mbali nayo. Mzee alibaki juu ukutani, baragumu mkononi, akimwona kwa macho yake.

Taa zilipowaka ukumbi mzima ulilipuka. "Huyo buda alipaniki tu!" kijana mmoja akapaza sauti nyuma yangu. "Si angetulia!" Mwenye ukumbi, mwanamume wa kutoka Kongo mwenye sauti ya pole, alikuwa akizima mashine. Nilimsikia akimwambia jirani yake, "Mimi nilipita mu njia kama ile. Pale nyumbani tulikuwa wengi tungali wazima. Mu njia ndiko tulibaki wawili." Akaendelea kukunja waya. Nilitoka nje juani.

Jumatano asubuhi Chifu alinikuta nikimwagilia mchicha wangu. Aliweka kigoda chini, akakaa.

"Daktari ya hadithi," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu alipogundua kwamba siwezi kutibu mbuzi.

"Naam, Chifu."

"Umefika Kakuma."

"Nimefika."

"Huko wanatazama mbele yetu."

"Sijui. Sikuwa na nafasi."

Akaangalia viganja vyake. "Mimi sikuulizi umeona. Umeapa. Nakuuliza kazi yako. Wewe umesoma hadithi mpaka imekuwa chakula yako. Hadithi kama hii, baba akiita, mtoto anafika?"

Nataka kusema kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Niliogopa. Niliogopa kumwambia ukweli, kwa sababu ukweli huo ungemfanya amwache binti kule, na huko kulikuwa na risasi, na ni mimi niliyempeleka. Niliogopa kuonekana nimevunja kiapo. Na chini ya hayo yote, nilitaka msichana yule arudi, ili barua yangu ya sifa isiwe kitu ambacho ningekikumbuka kila siku ya maisha yangu. Na zaidi, nikajiambia, filamu ni filamu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hadithi si utabiri.

"Anafika," nikasema. "Hadithi za namna hii hazimwui mtoto aliyeitwa na babake."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akainuka, akaenda kwenye tangi la maji.

Alimpigia saa hiyo hiyo. Binti alikataa Jumatano, akakataa Alhamisi asubuhi, na Alhamisi jioni akakubali. Angepanda gari la mfanyabiashara mmoja Ijumaa alfajiri, na alasiri angekuwa Lodwar.

Ijumaa Chifu hakukaa kwake. Alileta kigoda kwangu akakiweka kwenye veranda, akielekea barabara. Nami sikwenda kazini. Nilisema ninaumwa. Simu ya binti ilikuwa haipatikani tangu asubuhi. Ya shule haipatikani. Ya duka la Lokori, ambalo namba yake Chifu anaijua kwa kichwa, haipatikani. "Mtandao umeanguka huko," nikasema. Akasema ndiyo. Baada ya muda nikalisema tena, naye akasema ndiyo tena.

Nilitengeneza chai, ikapoa. Mbuzi waliingia kwenye mchicha wangu, hakuna aliyewafukuza. Kila gari lililogeuka kwenye kona lilitusimamisha, kisha likapita. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi na nusu. Nilimtazama yule mzee, nikaona kwamba midomo yake inatembea, na nikajua anafanya nini. Alikuwa akihesabu, na hesabu ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Karibu saa kumi na moja pikapu iliyojaa vumbi ilisimama mbele ya geti. Dereva ambaye hatukumjua alishuka na begi. Lilikuwa la buluu, lenye zipu iliyofungwa kwa kamba. Chifu alilijua kabla hajasimama.

"Kwa Chifu ni hapa?"

"Mwenye begi yuko wapi?" nikauliza.

"Mimi nilipewa mizigo Lokichar, mama. Gari la huko mwanzo liliishia hapo. Watu sijui."

"Kulikuwa na mwalimu? Msichana?"

"Walisema kulikuwa na shida nyuma barabarani. Wengine walikuwa wameshuka. Mimi ni mizigo tu nilipewa." Akaliweka begi kwenye veranda, akatutazama, akaona afadhali aondoke.

Chifu aliketi. Hakuligusa begi. Ndipo nikasema. Nilipiga magoti kwenye saruji ya veranda yangu, mimi daktari wa hadithi, nikasema yote. Kwamba niliiona Kakuma. Kwamba baba alipuliza na binti akafia njiani, na kwamba ngome haikuguswa. Kwamba nilijua nilipomjibu.

Alinisikiliza huku akiangalia barabara.

"Najua," akasema. "Ulirudi Kakuma na uso ya mtu amefiwa. Nilikuona ukishuka gari."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka mtu aseme niite. Kama ungesema asiitwe, ningeenda kuuliza nesi. Nesi angekataa, ningeuliza yule ya pikipiki. Ningeuliza mpaka mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshaita, mwalimu. Ilibaki simu tu."

Hiyo haikunifariji, na hakuisema ili inifariji. Tukakaa hivyo, begi katikati yetu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ile zipu.

Simu yangu ililia, namba ngeni. Niliitazama ikilia. Chifu ndiye aliyenyoosha kidole chake kikavu akabonyeza, na akabonyeza pia ya sauti kubwa, kitu ambacho sikujua kwamba anakijua.

"Madam? Baba yuko hapo na wewe?"

Chifu akainamia simu.

"Ejok," akasema.

"Ejok, baba. Niko shule. Nimepanda mlima nyuma ya shule kwa simu ya askari, huku chini hakuna mtandao." Aliongea Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Begi imefika?"

"Imefika."

"Nilikuwa nimeingia kwa gari. Watoto wakaja wakasimama mbele. Hawakulia, hawakusema kitu. Wamesimama tu. Nikashuka, begi ikaenda." Upepo ulipita kwenye simu. "Hilo gari lilipigwa risasi, baba. Dereva ni mzima, wameumia wawili. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usinipigie tena kuniita. Nikisikia sauti yako nitapanda gari, najijua. Nipigie tu tuongee."

Chifu alifunga macho.

"Mimi naogopa," akasema.

"Hata mimi naogopa, baba."

"Umekula?"

"Bado."

"Shuka ukule," akasema. "Halafu upande tena, unipigie."